Siku akina Matonya tulipoenda kuomba

Sie ni akina Matonya wa Mvumi, Dodoma, na kama umekulia Tanzania miaka ya tisini unajua hilo jina limebeba nini. Yule mzee ombaomba wa Dar, Mgogo mwenzetu, alikuwa analala chali barabarani kopo kalinyanyua juu, Makamba akiwa mkuu wa mkoa akamrudisha kwao, mzee huyo akarudi zake mjini, mpaka jina likawa ndo neno lenyewe la ombaomba nchi nzima. Baadae akaja Matonya wa bongo fleva, mtoto wa Tanga, tukapumua kidogo. Mvumi hiyohiyo imetoa Mtemi Mazengo, imetoa Malecela aliyekuwa waziri mkuu 1990 mpaka 1994, ila watu wakisikia Mgogo wanakumbuka kopo.

Sasa 2008 nakwenda kuposa. Ukweni wanakaa Area C hapahapa Dodoma ila mjomba mtu alipanda basi toka Dar makusudi. Mwezi wa kumi, vumbi na upepo ule unaoujua, tumejipanga sebuleni mie nimeinamisha kichwa kama mwoaji anavyotakiwa, mshenga anaanza kwa adabu, "Sisi ni ukoo wa Matonya, tumekuja kuomba..."

Hata hajamaliza. Mjomba kaangua kicheko, "Matonya tena mmekuja kuomba! Kopo mmeliacha getini?"

Sebule nzima ikalipuka, huko jikoni nikasikia na sufuria linadondoka. Ingekuwa posa ya mtu mwingine na mimi ningecheka.

Babu akabana ugoro puani taratibu, akasubiri wamalize. Akasema wajukuu zangu, kwetu kunyesha ni kutonya, na jina letu limetoka humohumo. Baba yake yeye alizaliwa mvua ziliporudi baada ya Mtunya, njaa ile ya 1917 mpaka 1920, majeshi ya Mjerumani na Mwingereza yamepita Ugogo yakabeba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita, halafu na mvua nayo ikagoma, watu wakafa maelfu. "Mtoto anazaliwa siku maji yanadondoka kwenye tembe, ungemwitaje wewe? Na huyo mzee wenu naye jina lake ni la mvua. Kopo amelikuta Dar."

Kimya. Mjomba akajikuna kidevu, hakukubali kushindwa hivihivi bana, akasema, "Basi mzee wangu, kama nyie ndo mvua yenyewe, malisho kwenu hayakosekani na ng'ombe wamenona. Ongezeni wawili."

Watu wakacheka upya, safari hii na babu yumo. Mshenga akapambana weee, ikaishia ng'ombe mmoja na mbuzi.

Njiani kurudi Mvumi babu hakugusa tena habari za jina, alikuwa anapiga hesabu huyo ng'ombe wa nyongeza anatoka zizi la nani, na macho yote kwa baba mdogo, ambaye ghafla akawa anaangalia dirishani.