Usiku wa Kipchoge, rimoti ikiwa imepotea

Baba alikuja kwetu Minneapolis, Marekani, kwa mara ya pili Septemba 2019, na kabla hajavua koti aliniuliza kama runinga yetu inaonyesha YouTube. Alikuwa na sababu. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba Eliud Kipchoge angekimbia Vienna kujaribu kumaliza kilomita 42 chini ya saa mbili, na Baba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Nandi, hakutaka kusimuliwa. Mwaka 2017 alisimuliwa. Siku ile ya jaribio la kwanza, kule Monza, Italia, stima zilikuwa zimepotea kijijini, akaja kusikia jioni kwamba Kipchoge alimaliza kwa 2:00:25. Zile sekunde 25 zilimkaa rohoni kana kwamba ni yeye aliyezipoteza.

Nikamwahidi ataona kila hatua. Mwisho wa mwezi tukahama nyumba, na fundi akatufungia intaneti mpya. Ijumaa ile saa nne usiku nikachomeka nyuma ya runinga kijiti cha Roku, kifaa kidogo kinacholeta video za intaneti kwenye runinga, nikageuka kuchukua rimoti. Haikuwepo. Tulipekua katoni zote, hata zile za vyombo na za nguo za baridi. Hakuna.

Vienna iko saa saba mbele yetu, kwa hivyo mbio zingeanza kwetu saa saba na robo usiku, wakati hakuna duka la kununua rimoti. Kompyuta yangu nilikuwa nimeiacha kazini. Simu zilikuwepo, lakini Baba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande mmoja tu, na kwenye simu alikuwa akiona rangi zinazotembea, si watu.

Nilijaribu kwanza rimoti ya runinga yenyewe. Runinga nyingi huweza kukiongoza kifaa kilichochomekwa kwa waya wa HDMI. Yetu ilikuwa kuukuu, tuliinunua mkononi mwa mtu, na haikufanya hivyo. Jirani wa chini, Msomali aliyekulia Eastleigh, alikuwa bado macho. Akapanda ngazi na rimoti yake ya Roku mkononi, akamwamkia Baba, tukabonyeza. Kimya. Baadaye nilielewa: yake ilikuwa ya Roku Express, inayotumia miale ambayo lazima ikione kifaa uso kwa uso. Kijiti chetu kinajificha nyuma ya runinga na kinazungumza na rimoti yake kwa mawimbi ya redio. Ni lugha mbili tofauti.

Roku ina programu ya simu inayofanya kazi ya rimoti. Mke wangu akaipakua. Ikatafuta, ikatafuta, ikasema haioni kifaa chochote. Hapo ndipo nilipokaribia kuharibu mambo. Kijiti kina kitufe kidogo cha kufuta kila kitu na kuanza upya, na kidole changu kilikuwa tayari juu yake. Mke wangu akanishika mkono.

"Ukishafuta, utaanza upya kwa kutumia nini?"

Kweli. Kuanza upya kunahitaji rimoti.

Yeye ndiye aliyeona njia. "Hiki kijiti hakijui kwamba tumehama," alisema. "Bado kinatafuta waifai ya kule. Basi tukipe hiyo hiyo kinayoitafuta." Maana yake ni hii: programu ya simu hukiona kijiti pale tu vyote viwili vikiwa kwenye mtandao mmoja. Kijiti kilikumbuka mtandao wa nyumba ya zamani peke yake. Simu yangu ikiwasha hotspoti, yaani ikitoa waifai yake yenyewe, yenye jina lile lile na paswadi ile ile, kijiti kitajiunga chenyewe kikidhani kiko kwetu kule. Kisha simu ya mke wangu ijiunge na hotspoti hiyo, na vikutane hapo.

Lakini paswadi ilikuwa ile ndefu iliyobandikwa kwenye ruta, na ruta tulikwisha kuirudisha kwa kampuni. Simu zetu ziliihifadhi bila kutuonyesha. Tukakaa tukitazamana.

"Ile ya mwaka jana?" Baba akauliza. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari lake la jalada jeusi. Mwaka wa 2018, alipokuja mara ya kwanza, alikuwa ameandika humo anwani yetu, namba ya basi la kwenda mjini, na chini yake jina la waifai na paswadi, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akituandikia ubaoni.

Akavaa miwani, akasogeza daftari karibu na taa, akanisomea kama anasoma imla darasani. Herufi kubwa. Herufi ndogo. Nafasi. Nilimaliza, nikachomoa kijiti kwenye umeme nikakirudisha, tukangoja. Hakikujiunga.

"Nionyeshe ulichoandika," alisema. Akaitazama simu kwa jicho lake zima, polepole. "Hapa umeweka herufi O. Mimi nimesema sufuri. Sufuri yangu ina mstari."

Nikasahihisha. Nusu dakika baadaye simu ya mke wangu ikakitaja kijiti kwa jina. Alipogusa mshale, alama kwenye runinga ikasogea, na Baba akapiga kofi moja kubwa. Tukaingia kwenye mipangilio tukakipa waifai ya nyumba mpya. Simu ikakipoteza tena, moyo ukanipasuka, kumbe sasa ilibidi nayo ihamie huko huko. Ikahamia. Saa saba kasoro dakika tano Vienna ilikuwa ukutani kwetu.

Sitaeleza mbio zote. Baba alikaa ukingoni mwa kiti kwa saa mbili, akihesabu kwa kidole wakimbiza kasi, wakimbiaji waliomsaidia Kipchoge kushika mwendo, wale waliotangulia kwa umbo la V na wale wa nyuma, wakipokezana hadi wakamaliza zamu zao. Tuliponyamaza, yeye alizungumza na Kipchoge kwa Kinandi. Mwisho, walipompisha akabaki mbele peke yake akiwaelekezea watu kidole, Baba alisimama. 1:59:40. Hakusema neno, alivua miwani akaifuta kwa shati.

Kisha akaomba simu. Mke wangu akamwonyesha pa kurudisha nyuma na pa kusimamisha. Akarudisha kilomita ya mwisho. Akairudisha tena. Saa kumi usiku nilikwenda kulala nikamwacha hapo, simu mkononi, Kipchoge akimaliza kwa mara ya nne.