Kulinganisha bourbon za pipa moja katika joto la Tanga

Wiski nyingi tunazozikuta dukani ni mchanganyiko wa mapipa mengi. Fundi wa kiwanda huchanganya pipa lenye ukali na pipa lenye utamu, la zamani na la karibuni, mpaka apate ladha ileile ambayo mnywaji aliizoea mwaka jana, na huo ni ufundi mkubwa ambao siudharau hata kidogo. Bourbon, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, inapokuwa ya pipa moja huiacha njia hiyo. Kilichomo ndani ya chupa kimetoka katika pipa moja la takriban lita 200, na pipa hilo likishamiminwa halina mbadala, kwa hiyo chupa mbili zenye jina moja na kiwango kimoja cha kileo zinaweza kupishana ladha bila ya mtu yeyote kiwandani kuwa amekosea. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo raha yake yote, na ndiyo maana naona ni hasara kuizamisha ndani ya soda na barafu.

Pipa lina uzito mkubwa katika bourbon kwa sababu ya sheria ya Marekani yenyewe. Nafaka zake lazima ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, kinywaji kiingie katika chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichochomwa kwa ndani, na hairuhusiwi kuongeza rangi wala ladha yoyote. Kinapotoka kwenye mtambo wa kukeneka, kinywaji hicho ni cheupe kama maji. Wekundu wote unaouona kwenye bilauri, na sehemu kubwa ya harufu, umetoka kwenye ubao. Joto la kiangazi hukisukuma kinywaji kiingie ndani ya mbao, baridi ya kipupwe hukirudisha, na kila kinaporudi huja na sukari za mti zilizoungua. Pipa lililolala ghorofa ya juu ya ghala hupata joto zaidi, maji yake hupotea hewani upesi kuliko kileo, na wiski yake huzidi kuwa kali. Lililolala chini, kwenye ubaridi na unyevu, hukomaa polepole. Mapipa mawili yaliyojazwa siku moja yanaweza kuachana kabisa kwa sababu tu ya mahali yalipolazwa.

Jina la kwanza kuuzwa sokoni kwa utaratibu huu ni Blanton's, iliyotolewa mwaka 1984 na fundi mkuu Elmer T. Lee katika kiwanda cha Frankfort, Kentucky, ambacho leo kinaitwa Buffalo Trace. Ina asilimia 46.5 ya kileo. Kabla ya kufungua chupa, soma lebo yake taratibu: imeandikwa tarehe ambayo pipa lilimiminwa, namba ya pipa, ghala na safu ambayo pipa hilo lilikuwa limelazwa. Ghala lake, linalotambulika kwa herufi H, limezungushiwa mabati, na kila anayeishi chini ya paa la bati katika mji huu anafahamu namna joto linavyopanda mchana na kushuka usiku.

Wenzangu ninaoonja nao hapa Raskazone huletewa chupa na ndugu wanaosafiri, hivyo tumewahi kuweka mezani Blanton's mbili za mapipa tofauti. Ya kwanza ilikuwa na vanila nyingi na utamu wa sukari guru, ikateremka kooni bila ya kukwaruza. Nilipommiminia shemeji yangu ya pili, aliinusa, akaiweka chini, akainusa tena, kisha akasema, "Shemeji, mbona hii ina ganda la chungwa?" Alikuwa sahihi. Lilikuwa ganda lile bichi, linalorusha mafuta yake vidoleni unapomenya chungwa la Muheza, na katika chupa ya kwanza halikuwamo kabisa. Mtu anayetoa hukumu ya Blanton's kwa chupa moja aliyoonja anahukumu pipa moja tu.

Four Roses ya pipa moja ni somo jingine. Kiwanda hicho kina mapishi 10, yanayotokana na michanganyiko miwili ya nafaka na aina tano za hamira, na chupa ya kawaida ya pipa moja hutumia pishi linaloandikwa OBSV: mahindi asilimia 60, nafaka ya rai 35, na shayiri iliyochipuzwa 5. Rai nyingi kiasi hicho ndiyo inayoleta viungo. Maghala yao hayana ghorofa, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya pipa la chini na la juu ni ndogo, na ingawa mapipa bado hupishana, hayapishani kwa ghafla. Kileo chake ni asilimia 50, lakini ukidondoshea maji kidogo inafunguka vizuri kuliko Blanton's, ambayo maji huifanya iwe nyepesi mno. Mimi naipenda zaidi Four Roses. Upande wa pili wa meza kuna anayeshikilia Kentucky Spirit ya Wild Turkey, asilimia 50.5, kwa sababu ya mapipa yake yaliyochomwa kwa kiwango cha juu kabisa, na ninamwelewa, ingawa kwangu moshi wake hufunika mambo mengine.

Pua zetu za pwani zina faida ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Karafuu hupata harufu yake kutokana na kemikali inayoitwa eujenoli, na mwaloni uliochomwa hutoa kemikali hiyohiyo. Mwaloni wa Marekani una pia kemikali ziitwazo laktoni, zenye harufu ya nazi. Mtu aliyekulia Tanga, aliyekuna nazi tangu utotoni na kuona karafuu za Pemba zikiwa zimeanikwa, hutambua karafuu iliyokauka sawasawa na ile iliyoingia unyevu. Anapoonja bourbon anaweza kusema kama nazi anayoinusa ni mbichi, imekaangwa au ni tui linaloanza kukatika. Usahihi huo unatoka jikoni kwetu, na ninawasihi waonjaji wenzangu wauamini badala ya kukariri maelezo yaliyoandikwa nyuma ya chupa.

Taabu yetu ni joto. Wakati wa kaskazi kileo hupaa haraka kutoka kwenye bilauri na kuichoma pua kabla haijanusa kitu kingine. Sisi huonja asubuhi mapema au baada ya mvua, katika bilauri yenye mdomo mwembamba, kiasi cha kulowesha ulimi tu, tukianza na yenye kileo kidogo na kumalizia na kali. Feni huzimwa, kwa sababu hupeperusha harufu yote, na samaki wa kukaanga husubiri. Maji ya kuongeza yawe ya chupa, kwa kuwa maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi inayoharibu kila kitu. Kutema si utovu wa adabu. Anayemeza kila tone hana tena ulimi wa kuonja chupa ya tatu.

Chupa isimamishwe wima kabatini, mbali na dirisha, maana kileo kikikaa kwenye kizibo cha gome la mti hukila. Ikifika nusu, hewa iliyomo ndani huanza kuibadilisha ladha, na kwa joto letu sipendi kuisubirisha: ninaihamishia kwenye chupa ndogo inayojaa mpaka shingoni, ninabandika karatasi yenye namba ya pipa, na kuitunza mpaka aletwe ndugu yake wa pipa jingine tuwaweke mezani pamoja.