Jinsi nilivyofanikiwa kupata majibu ya rufaa zangu

Tangu nilipoanza kazi ya uhudumu wa afya ya jamii, ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote ni kwamba kazi hii ni ya wito, na kwamba mwenye moyo wa kujituma hashindwi na jambo. Kwa kawaida ushauri huo hutolewa na mtu aliyeketi ofisini, ambaye hajawahi kumwandikia mgonjwa karatasi ya rufaa ya kumpeleka kituo cha afya kisha akabaki bila kujua kama alipokelewa, alitibiwa au alirudishwa nyumbani. Moyo nilikuwa nao tele. Nilichokosa ni kituo kinachonijibu, na namna nilivyokipata ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa sikufundishwa katika mafunzo yoyote niliyohudhuria.

Asiyeifanya kazi hii anaweza kudhani kwamba jibu la rufaa ni suala la makaratasi tu. Mhudumu wa jamii hana maabara wala kitanda. Ana saa ya kuhesabia pumzi, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, kipimo cha haraka cha malaria, dawa chache, na imani ya kaya anazozitembelea. Ninapomweleza mama kwamba mtoto wa mwaka mmoja mwenye kikohozi anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika huenda ana nimonia, na kwamba kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa kinamtaka afike kituoni siku hiyo hiyo, mama huyo huacha shughuli zake, hutafuta nauli na kwenda. Akifika akaachwa kwenye foleni hadi jioni, na karatasi yangu ikawekwa kando bila kusomwa, hasira zake hazimwangukii aliyeiweka kando. Zinaniangukia mimi, na safari inayofuata nikibisha hodi naambiwa mwenye nyumba hayupo, ilhali sauti yake naisikia.

Niliambiwa kwanza nilifikishe suala hili kwenye kikao cha kila mwezi. Nikasimama, nikaeleza kwa mifano, mkuu wa kituo akatikisa kichwa kwa masikitiko, na ikaazimiwa kwamba mawasiliano kati ya kituo na jamii yaimarishwe. Mwezi uliofuata muhtasari ulisomwa, wajumbe wakathibitisha kwamba ndivyo ilivyoazimiwa, tukaendelea na ajenda nyingine. Sehemu pekee ambamo mawasiliano yaliimarika ni ndani ya muhtasari huo.

Mwingine akanishauri niwe nawasindikiza wagonjwa mwenyewe. Ushauri huu una faida kwa mgonjwa mmoja na hasara kwa kaya zote zilizobaki, kwa sababu muda ninaokaa kwenye benchi la kituo ndio muda ambao mtoto aliyezaliwa jana alipaswa kutembelewa, na mtoto mchanga hasubiri foleni yangu iishe. Nauli nayo ilitoka mfukoni mwangu, kabla ya posho ambayo haikujulikana ingefika lini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza bayana kwamba wahudumu wa jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa wanazotumia na mafunzo waliyonayo, na kwamba wapewe mkataba wa maandishi. Wanaohubiri wito wana bahati ya kutousoma.

Hata hivyo, benchi lile lilinipa kitu. Nikiwa nimeketi hapo nilimwona muuguzi wa kliniki ya watoto akipekua rejista huku akiguna. Alikuwa anatafuta watoto waliopata dozi ya kwanza ya chanjo na kutorudi kwa dozi zilizofuata, maana wakubwa wake walimdai orodha hiyo kila mwezi pamoja na maelezo ya kwa nini ni ndefu. Namba za simu zilizoandikwa hazikupatikana, na majina ya baadhi ya mitaa hayakutumiwa na mtu yeyote anayeishi huko. Nikachungulia begani kwake. Wa kwanza niliyemsoma alikuwa amehamia kwa bibi yake, wa pili alikuwa amechanjwa kituo kingine, na wa tatu aliandikishwa kwa jina ambalo hata mama yake halitumii. Niliwajua karibu wote. Yeye alikuwa na majina bila watu, mimi nilikuwa na wagonjwa bila majibu.

Nikamwambia, “Sista, nipe watoro wa kaya zangu, nami nitakuletea habari za kila mmoja. Nawe unijibie karatasi zangu za rufaa.”

Akacheka. “Kumbe umekuja kufanya biashara hapa?”

“Ndiyo, Sista. Na bei ni tiki moja kwa kila karatasi.”

Hiyo tiki ndiyo iliyokuwa siri ya mpango mzima, na bado ninajivunia. Fomu rasmi ya rufaa ilikuwa na sehemu ya mrejesho yenye mistari mitupu, na hakuna muuguzi mwenye foleni ya watu mpaka nje atakayeandika insha kwenye mistari hiyo. Nikaigeuza kuwa visanduku vya kuweka alama: amepokelewa, amepewa dawa na kuruhusiwa, amelazwa, hakufika, kisha nafasi fupi ya tarehe ya kurudi. Tukaweka bahasha kubwa mapokezi. Yeye anatumbukiza vipande vilivyojibiwa, nami navichukua siku ninayopeleka habari za watoro. Tulikubaliana kwamba orodha hiyo ni ya chanjo tu. Rejista za wanaotumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI hatukuzigusa, kwa sababu huko ridhaa ya mgonjwa hutangulia, na mhudumu akijulikana kuwa na mdomo mwepesi kazi yake imekwisha.

Baadaye tuliongeza kona nyekundu. Mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyelegea na kuamka kwa shida, karatasi yake naipaka wino mwekundu kwenye kona ili apite mbele ya foleni. Kona hiyo inataka ubahili. Mwenzangu mmoja aliipaka kila karatasi, na haikuchukua muda wekundu wake ukawa hauonekani na mtu yeyote.

Majibu yalipoanza kuja, milango ilifunguka. Nilikuwa nafika kwa mama nikijua mtoto amepewa dawa gani na anatakiwa kurudi lini, na yeye alijua kwamba ninajua. Msimamizi wangu naye, ambaye awali alikuja kuhakikisha tu kwamba safu za daftari zinajumlika, sasa alikuwa na jambo la kujadili. Siku moja karatasi ilirudi ikidai kwamba mtoto niliyempima mkono nikapata chini ya milimita 115, yaani rangi nyekundu ya utapiamlo mkali, kituoni amesoma manjano, yaani utapiamlo wa wastani. Tulikwenda pamoja kumpima tena. Kituoni utepe ulikuwa umezungushwa juu ya mkono wa shati. Nilinyamaza kwa heshima na kumwachia msimamizi aseme, ingawa kimya hicho kilinigharimu sana.

Dawa ndizo zilizochelewa kunyooka. Sanduku langu likiishiwa ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na zinki, mtoto wa kuhara ambaye ningemhudumia nyumbani analazimika kwenda kituoni. Nikaongeza kisanduku kingine upande wa sababu ya rufaa: dawa imeisha. Sikulalamika kwenye kikao safari hii. Niliweka alama tu na kuwatuma. Bahasha ikajaa visanduku hivyo, kliniki ikajaa watoto wa kuhara, na mkuu wa kituo mwenyewe akaanza kujumlisha mahitaji yetu katika oda yake ya dawa.

Posho bado inachelewa. Kwa hilo sijagundua nina kitu gani ambacho mlipaji anakihitaji.