Mguno wa asubuhi: nilivyobadilisha oili na filta ya pawa stelingi kwenye 240D

Gari hili limenizoesha kelele. Ni Mercedes-Benz 240D, umbo la W123, dizeli ya mwaka 1979, na injini yake ikiwaka alfajiri hata aliye usingizini anajua nani anatoka. Kwa hiyo mlio mpya ulipoanza ulijificha ndani ya ile ya zamani, nikachelewa kuusikia. Haukuwa mluzi. Ulikuwa mguno: nikirudi nyuma polepole huku nimekata usukani, kitu kule mbele kinaguna kama ng'ombe anayesukumwa asikotaka kwenda. Gari likishapata moto mguno unapungua, karibu unatoweka. Kesho asubuhi uko palepale.

Mafundi wawili waliousikia walitoa hukumu moja bila hata kufungua boneti: pampu imekwisha, tafuta nyingine. Sikubisha. Ila nina tabia ya kutaka kumwona maiti kabla ya kumzika.

Nilianza na belti. Belti iliyolegea nayo hulalamika ukikata usukani, lakini kilio chake ni chembamba, kikali, na aghalabu hutokea usukani ukikaribia kugota. Niliibonyeza kwa kidole gumba, mkazo wake uko sawa, haina ufa wala haijang'aa pembeni. Nikaiacha.

Kisha tanki la oili. Kwenye gari hili tanki limekaa juu ya pampu yenyewe, na kifuniko chake kinashikwa na nati moja katikati. Nilifuta eneo lote mpaka likawa safi kuliko sehemu nyingine yoyote ya injini, maana punje ya mchanga ikidondokea mle inakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Nikafungua. Oili niliyoikuta ilikuwa nyeusi kama ya injini ya dizeli.

Oili yake ni ATF, ileile ya giaboksi za otomatiki, na ikiwa mpya huwa nyekundu. Wekundu huo ni rangi tu, umetiwa ili ukiona tone chini ya gari ujue si oili ya injini, haulainishi kitu. Lakini ukigeuka kuwa weusi, unasimulia: joto la miaka mingi, unga wa chuma kutoka kwenye pampu na boksi la stelingi, na mpira wa hosi unaojimenya taratibu kutoka ndani. Nilidondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Likatanda, likaacha duara la kijivu katikati na mviringo wa kahawia nje. Wekundu wowote haukuonekana.

Nieleze mfumo kidogo, la sivyo kisa cha filta hakitaeleweka. Pampu inazungushwa na belti. Ndani yake mna rota yenye vibapa vidogo vinavyoteleza kuingia na kutoka, vikiikamata oili na kuibana. Oili hiyo inatoka kwa presha kubwa kwenda kwenye boksi la stelingi, ambako vali inayofuata mkono wako huamua isukume pistoni upande gani. Ikimaliza kazi inarudi tankini kwa hosi ya presha ndogo, inachujwa humo na filta ya karatasi, halafu pampu inainyonya tena. Ni mzunguko mfupi, na mfumo wote haubebi hata lita mbili. Oili hiyo chache ndiyo inayosukuma, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayobeba uchafu wote.

Sasa, pampu ya vibapa huguna ikipewa oili pungufu au oili yenye hewa. Viputo vinaingia, vinabanwa, vinapasuka ndani, na huo ndio mlio. Asubuhi oili ni nzito, kwa hiyo kila kizuizi njiani kinajionyesha. Ikipata moto inateleza, na kelele inashuka. Mguno wangu ulikuwa wa asubuhi. Pampu iliyokufa kweli haichagui saa.

Hapo ndipo nilipokumbuka, kwa aibu, kwamba nimekuwa na gari hili miaka sita. Filta ya oili ya injini nimebadilisha mara nyingi hata sizihesabu. Filta za dizeli vilevile. Hii ya stelingi sikuwahi hata kujua ipo.

Kuhusu oili ya kununua: kitabu cha gari langu kinataja ATF, nami nikachukua ya kiwango cha Dexron III, ambayo inaendana na zile za zamani. Usichukue jibu langu kuwa lako. Magari mengi ya Ujerumani ya miaka iliyofuata hutumia oili ya kijani ya sintetiki isiyotakiwa kuchanganywa na nyekundu, na Honda wana yao. Angalia kitabu, au maandishi kwenye kifuniko cha tanki. Maji ya breki ndiyo usiyakaribishe kabisa hapa, yanaharibu sili za pampu. Na kinyume chake ni hatari zaidi: oili ya stelingi ikiingia kwenye tanki la breki, raba zinavimba na breki zinakukimbia. Matanki haya mawili kwenye magari mengine yako jirani, na mtu mwenye haraka hafikirii.

Jumamosi asubuhi nikapanga vitu: lita mbili za oili, filta, gaskiti mpya ya kifuniko, klipu mpya ya hosi, bomba kubwa la sindano, chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, na matambara yasiyotoa nyuzi. Magurudumu ya nyuma nikayawekea kabari, mbele nikainua kwa jeki na kulishusha gari kwenye stendi mbili. Magurudumu ya mbele lazima yaning'inie, kwa sababu usukani utazungushwa sana na injini ikiwa imezimwa.

Nikanyonya oili ya tankini kwa sindano. Chini ya kifuniko kuna springi, chini yake kibati, na chini kabisa filta. Nilipiga picha kila kilipotoka, kwa mpangilio wake na upande wake. Filta yenyewe ilikataa kutoka. Nililazimika kukunja waya kuwa ndoano, nikaivuta kama anayevua samaki kwenye ndoo.

Ilitoka imekunjamana upande mmoja. Mikunjo ya karatasi ilikuwa imeshikana kwa ute mweusi, na nilipoifinya ilitoa tope. Chini ya tanki tope lilelile la kijivu. Nilichovya sumaku ikatoka na manyoya laini ya chuma, laini kiasi kwamba nikiyasugua kati ya vidole sihisi chembe. Hilo lilinipa moyo. Unga ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Ningeona vipande vinavyong'aa, vya kushikika kwa kucha, ningefunga boneti na kwenda kutafuta pampu kama nilivyoambiwa.

Tanki nikalisafisha kwa tambara na oili mpya kidogo, mara tatu, mpaka tambara likatoka jekundu. Sikuweka filta mpya bado. Kuichafua kwa oili ya zamani iliyobaki kwenye mabomba ingekuwa kazi bure.

Hosi ya kurudishia nikaichomoa kwenye tanki (klipu ya zamani ilikatika mkononi, ndiyo maana nilinunua mpya), nikaiingiza kwenye chupa, na tundu lililobaki kwenye tanki nikaliziba kwa kipande cha hosi kilichopigwa bolti mwishoni. Kijana wangu akakaa kwenye usukani, ufunguo umezungushwa hatua ya kwanza tu ili usukani usijifunge.

"Kata kushoto, polepole."

"Mpaka mwisho, baba?"

"Mpaka ugote. Ukigota usiusukume. Rudi kulia."

Kila alipozungusha, hosi ilitema. Kwanza tope, halafu weusi mwepesi, halafu kahawia. Kazi yangu ilikuwa kumimina oili mpya tankini bila kuacha ishuke, na kazi yake ilikuwa kuhema. Hata magurudumu yakiwa hewani, usukani bila pampu ni mazoezi ya mabega. Nilimwambia kwamba hadi mwaka 1951, Chrysler walipoanza kuuza gari dogo lenye stelingi ya haidroliki, Imperial, karibu kila dereva aliishi hivyo. Na kwamba mhandisi Francis Davis alikuwa ameshaijenga stelingi ya aina hiyo tangu miaka ya 1920, ikasubiri robo karne kupata mtengenezaji wa kuiingiza sokoni. Akauliza kama Davis naye alikuwa na mtoto wa kumzungushia.

Wapo wanaowasha injini kwa sekunde chache ili pampu yenyewe ifukuze oili chafu. Ni haraka, na kwa wawili wanaoelewana inafanyika. Mimi sikuthubutu. Pampu inalainishwa na oili ileile inayoisukuma, na kwa kasi ya injini tanki linakauka kabla hujafungua chupa ya pili. Bora mabega ya kijana.

Baada ya karibu lita moja na robo, sauti kutoka ndani ya gari: "Vipi, bado?" Nikatazama chupa. Nyekundu, yenye ukungu kidogo. Nikasema basi.

Filta mpya ikaingia, kibati, springi, hosi na klipu yake, oili hadi alama ya ndani ya tanki, kifuniko, nati. Jua lilikuwa linazama, nami nikafanya kosa. Nikawasha injini papo hapo.

Iliunguruma vibaya kuliko siku zote. Nikazima haraka, nikafungua kifuniko: povu la waridi mpaka mdomoni. Hewa iliyokuwa imebaki kwenye mabomba na kwenye boksi ilikuwa imesagwa pamoja na oili, na povu halisukumi kitu wala halilainishi. Nilijua kabisa utaratibu: hewa inatolewa kwanza kwa mkono, injini imezimwa. Niliujua, nikauruka kwa sababu ya giza. Hakuna dawa ya povu isipokuwa kuliacha. Tukafunika gari, tukaenda kulala.

Jumapili oili ilikuwa imetulia, safi, na kina chake kimeshuka kwa upana wa kidole. Nikaongeza. Safari hii tulifanya inavyotakiwa: usukani kushoto hadi ugote, kulia hadi ugote, taratibu, mara ishirini, mimi nikichungulia tankini. Viputo vilipanda kwa makundi, kisha kimoja kimoja, kisha hakuna. Nikaongeza tena. Ndipo nikawasha injini, ikalie kasi ya chini, kijana akakata tena taratibu bila kuushikilia usukani ukiwa umegota. Kuushikilia hapo kunaipandisha presha mpaka vali ya usalama ifunguke na oili ichemke bure. Sekunde chache ni nyingi tayari.

Kimya. Yaani kimya cha 240D, ambacho kwa gari jingine ni kelele.

Nikashusha gari, nikajivunia kwa dakika kumi, nikaona tone jekundu kwenye ubavu wa pampu. Nilidhani ni oilisili ya shafti, na moyo ukashuka. Nikafuta, nikasubiri, nikafuatilia kwa tochi. Lilikuwa linatoka chini ya kifuniko. Nilipofungua nikakuta gaskiti mbili: mpya niliyoiweka mimi, na ya zamani, ngumu, nyembamba, iliyong'ang'ania kwenye kifuniko kiasi kwamba niliidhani ni sehemu ya bati. Niliikwangua kwa kipande cha mti, si bisibisi, ili nisichore mstari kwenye uso wa kukalia. Haijavuja tena.

Wiki tatu baadaye. Asubuhi, gari baridi, narudi nyuma na usukani umekatwa: kuna mvumo mdogo kwa sekunde moja au mbili za kwanza, kisha hakuna. Mguno wa ng'ombe umeondoka. Usukani umekuwa mwepesi kidogo katikati, ingawa hapo naweza kuwa najidanganya, mtu akishachafua mikono kila kitu huhisi chepesi. Pampu ni ileile iliyohukumiwa kifo.

Oili imepoteza wekundu kiasi, imeelekea kahawia. Nilitarajia hivyo, kwa sababu kwenye boksi la stelingi daima hubaki oili ya zamani isiyotoka yote kwa mara moja. Nilinyonya ya tankini kwa sindano nikaweka mpya, kazi ya robo saa bila jeki, na nitarudia hivyo kila nikimwaga oili ya injini. Hosi ya kurudishia nayo inabadilishwa mwezi ujao. Ile ya zamani nilipoikunja ilionyesha nyufa ndogo, na sehemu ya weusi wote ule imetoka humo. Filta nitaifungua tena baada ya miezi sita kuona imekamata nini.

Oili chafu iko kwenye dumu, inasubiri safari ya kupelekwa inapopokelewa pamoja na ile ya injini. Nimeliandika kwa kalamu nene "STELINGI, CHAFU", kwa kuwa kijana alishaliinua mara moja akitaka kulainishia bawaba za geti.