Chozi wawili waliokuwa mmoja

Kwenye daftari langu la Machi mwaka jana kuna mistari miwili inayonichekesha hadi leo. Wa kwanza: "Mlonge, saa 1 asubuhi, ndege mdogo, mweusi tii, mdomo mrefu umepinda." Wa pili, wa siku hiyohiyo: "Mlonge, saa 10 jioni, ndege mdogo, kijani kinachong'aa, mdomo mrefu umepinda." Nikahesabu aina mbili za chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza asali ya maua. Nikatembea kifua mbele karibu miezi miwili.

Naishi Tabata, Dar es Salaam, chumba cha nyuma katika nyumba ya kupanga. Dirisha langu linatazama mashariki, na ng'ambo ya ukuta kuna mlonge wa jirani. Wavu wa mbu niliukata pembeni kwa wembe, pakatosha lenzi kupenya katikati ya nondo. Usiku naziba kwa vibanio vya nguo. Kamera ni Canon ya mtumba yenye lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, niliipata Kariakoo.

Sikuanza na dirisha lakini. Nilianza kwa kuzurura. Nilikwenda Bustani ya Mimea pale mjini, nikaenda Mlimani, nikarudi na picha mia tatu za majani. Ndege mdogo ukimfuata anahama. Ukikaa, anakuja mwenyewe, kwa sababu ua lenye asali halijahama. Chozi ananisaidia kwa jambo jingine: kwa kawaida hutua kwanza ndipo afyonze. (Mtandaoni wengi wetu tunamwita ndege mvumaji. Hapana. Wavumaji halisi wako mabara ya Amerika tu, na hao ndio wanaofyonza wakiwa wameelea hewani.) Basi nalenga kichala cha maua kilichochangamka, naweka kasi ya kupiga picha iwe 1/1000 ya sekunde, nasubiri. Kunywa chai kunaruhusiwa.

Siku moja nilitoka kununua maandazi, nikapitia kichochoro cha upande wa pili wa mlonge. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni kwangu. Chozi alikuwa tawini, kijani kitupu kichwani na mgongoni, mkanda wa zambarau kifuani, tumbo jeusi. Nikasema leo yule wa jioni kawahi. Nikakimbia chumbani kuchukua kamera, nikachungulia dirishani: tawi lilelile, ndege yuleyule, mweusi kama mkaa. Maandazi niliyasahau kwa muuzaji.

Nilipokwenda kusoma ndipo nikaelewa. Ile rangi ya kung'aa haiko kwenye unyoya kama rangi ya kitenge ilivyo kwenye kitambaa. Ndani ya unyoya kuna matabaka membamba sana yanayorudisha mwanga. Jua likimpiga kutoka mbele yako, yaani yeye yuko kati yako na jua, hakuna kinachokurudia machoni. Mistari yangu miwili ilikuwa chozi dume mmoja, kisayansi Cinnyris bifasciatus, ambaye pwani yetu ni wa kawaida kabisa. Tangu hapo asubuhi ndege akiwa na anga nyuma yake naongeza mwanga kwenye kamera kwa alama moja au mbili, anga inaungua, yaani inabaki nyeupe tupu, lakini ndege anaonekana. Nikitaka rangi nasubiri alasiri.

Tangu hapo pia rangi naiandika mwisho. Kwanza mdomo. Mfupi mnene wa kupasulia mbegu: shomoro, chiriku, mnana na jamaa zao. Mrefu uliopinda: chozi. Mwembamba ulionyooka: huyo mara nyingi anadonoa wadudu, na hapo ndipo kichwa kinaniuma mpaka leo. Mtaani kwetu watoto hawana shida hii, kwao wote ni shomoro.

Mdomo ndio ulionisaidia kwa ndege fulani wa kahawia. Nyuma yetu kuna kiwanja kisichojengwa, nyasi zimefika kiunoni, na kundi la ndege wadogo wenye vichwa vyeusi na matumbo meupe hushuka hapo kula mbegu, mabua yanainama nao. Kisayansi ni Spermestes cucullata, sentimita tisa hivi tangu mdomo hadi mkia. Katikati yao kulikuwa na watatu wa kahawia mtupu, hawana kichwa cheusi, hawana chochote. Nilivyopekua kitabu cha ndege, karibu niwape jina la kigeni kabisa. Ila mdomo ulikuwa na umbo lilelile, mfupi na mnene, na wakiruka waliruka na kundi. Nikaacha nafasi wazi kwenye daftari. Wiki iliyofuata nilipata picha mfululizo: wa kahawia amejikunja kwenye bua, shingo kaipinda kichwa kikitazama juu, mdomo wazi, na mwenye kichwa cheusi anamtilia chakula. Mtoto na mzazi wake. Picha zenyewe zina ukungu, maana ilikuwa saa 12 na nusu jioni, lakini siziuzi.

Sasa la jirani. Mwenye mlonge ni mama mtu mzima, na kati ya mlonge na dirisha langu kuna kamba zake za nguo. Siku moja nilisikia hodi ya ngumi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo kamera yako inapiga picha nguo zangu za ndani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Sikubishana, nilimgeuzia kioo cha kamera nikampitisha picha moja moja. Kwenye picha ya chozi akanyamaza, akaomba nimkuzie. "Huyu yuko kwangu?" Kumbe nilipaswa kumwendea yeye kwanza, kabla ya kukata wavu. Ukipiga picha mtaani, lenzi ndefu inaelekea nyumba ya mtu kila mara, na mwenye nyumba haoni ndege, anaona lenzi.

Agosti ni yeye aliyeniita. Chozi jike, yule asiye na rangi za kuvutia, alikuwa anachomoa nyuzi kwenye kapeti lake kuukuu la mlangoni, akazifunga kwa utando wa buibui kwenye ncha ya kamba ya nguo iliyoning'inia. Kiota kama soksi, mlango ubavuni, na kijibaraza juu ya mlango. Nilitaka kusogea na kamera. Mama akanishika mkono, akanionyesha juu ya bati: kunguru wawili wanatutazama. Hao weusi wa kutoka India hula mayai na makinda, na tukisimama pale tungekuwa tunawaelekeza.

Nikarudi dirishani. Kamba ile hakuianikia nguo tena, akafunga nyingine upande wa jikoni.