Pikapu ilikuwa imelala mbele upande wa dereva, nimeipandisha mwenyewe nyumbani

Wakuu, Hilux yangu ya zamani ya fo-wili ilikuwa imelala mbele upande wa dereva, matuta ya huku Tegeta yananigusa chini kila siku. Nikabadilisha shokapu, wapi, maana shokapu haibebi gari, inatuliza mdundo tu. Bushi nazo nikaweka mpya, bado imelala vilevile.

Hizi hazina koili mbele, zina tosheni baa, zile fimbo ndefu chini zinazojinyonga kama springi na kubeba gari, zinaenda nyuma hadi kwenye chesisi, na mwishoni kuna bolti ya kurekebishia. Nikapiga jeki chesisi mpaka tairi zikaning'inia, nikaweka stendi (usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake jamani), nikapiga brashi nyuzi zote na kupaka oili, nikaweka alama ya chaki, nikalegeza nati ya kufungia ndo nikakaza bolti kidogo kidogo. Kukaza kunapandisha.

Sasa sikiliza hapa. Ukishusha gari usipime hapohapo! Tairi zinakuwa zimebana ndani, gari linasimama juu kwa uongo. Lizungushe mtaani kwanza, pita hata kwenye tuta, halafu pima kwenye sakafu iliyonyooka, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Nilirudia hivyo mpaka zikalingana. Usikaze kupitiliza, gari linakuwa gumu na sivi jointi (viungo vya ekseli za mbele) zinapinda vibaya.

Kaza nati, kisha peleka wili alaimenti (kunyoosha tairi), lazima, la sivyo tairi zinalika upande.