Nilivyoacha kulala mwaloni

Kila ninapoleta machungwa na udaga (mihogo iliyovundikwa na kukaushwa) kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, hadi Mwanza, nasikia neno lilelile: "Jioni lala mwaloni mjini, kuna taa, kuna watu." Mwalo ni pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha samaki. Wengi wanaosema hivyo hawana mtumbwi. Niliwasikiliza, nikalala kwenye mwalo mmoja siku za giza, mwezi haupo, msimu wa dagaa. Saa kumi alfajiri mitumbwi ikaingia mfululizo, injini zinanguruma, kila mtu anawahi bei ya kwanza. Mmoja ukanigonga ubavuni, ubao ukapasuka, wala nahodha wake hakugeuka. Fundi alichukua kama elfu arobaini na kitu, na siku mbili za kazi zikapotea.

Nikahamia kwenye utulivu, na huko nako nilianza vibaya. Jioni nilitia nanga kusini mwa kisiwa kidogo, kwa sababu upepo ulitoka ziwani, kaskazini, na upande ule maji yalikuwa kama ya kwenye mtungi. Tukapika, tukalala. Saa nane usiku upepo ukageuka. Mchana nchi kavu hupata joto ikavuta upepo wa ziwani. Usiku hupoa, upepo ukarudi kutoka bara. Sasa ukatupiga usoni, nanga ikaburuta, majabali yakiwa hatua kumi tu nyuma yetu. Mpwa wangu akashika upondo, akasukuma mwamba mpaka viganja vikatoka malengelenge. "Mjomba, achia kamba!" Nikaachia yote iliyobaki. Nanga ikashika.

Kulipokucha nanga ikagoma kutoka, imenasa katikati ya mawe. Kuzamia sikuthubutu, mamba wapo. Nikakata kamba, na nanga ya chuma ikabaki chini mpaka leo.

Tangu hapo nafunga kamba nyembamba kitakoni mwa nanga, na mwisho wake nafunga kidumu cha lita 5 kinachoelea. Nanga ikinasa, navuta ile kamba ya kidumu, inachomoka kinyumenyume ilivyoingia. Kidumu kilikuwa cha mafuta ya kula, kamba ni elfu chache. Wavuvi watatu wameshaniiga, na nafurahi kweli.

Siku hizi nachagua upande ambao upepo wa usiku haufiki, hata kama jioni unanirusharusha kidogo. Chini pawe tope au mchanga, kamba nitoe mara tano ya kina au zaidi. Kwenye matete siendi: viboko hupita hapo usiku, na konokono wa kichocho hupenda maji yaliyolala. Ila masika, nikiona radi zinamulika upande wa ziwa, naingia mjini mapema, mbanano au si mbanano. Dhoruba ya usiku ziwani si ya kukutwa nayo peke yako.

Juzi nimeingia mwalo wa Kirumba, Mwanza, jua limeshatoka. Dagaa walikuwa wameshashushwa, nafasi tele. Kabla ya saa nne machungwa yalikuwa yamekwisha, na mpwa wangu anasuuza mtumbwi.